Mama Pilote na Namba ya Ndege Yake

Kabla ya kurusha droni yake, Mama Pilote alikuwa anavua viatu. Aliviweka kando, akasimama miguu mitupu kwenye majani, na kuanzia hapo hakusogea tena mpaka mashine itue. Alisema mtu mwenye viatu anajisahau, anaanza kutembea huku anatazama kioo cha kuongozea droni, na mwisho anatumbukia shimoni. Nimemtazama hivyo mara nyingi nilipomsindikiza shambani kwake, nikiwa nyuma yake na mikono mifukoni. Muda wote niliomfahamu mama yule sikuacha kumwonea wivu, na sioni sababu ya kusema vingine leo.

Mtaani kwetu Naviundu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Pilote, mama rubani, kwa wauza mkaa, kwa padri, hata kwa wanawe. Jina hilo liliniuma peke yake. Maana droni ya kwanza kuonekana mtaani haikuwa yake, ilikuwa yangu.

Mimi napiga picha za harusi. Niliagiza droni kwa rafiki aliyekuwa anasafiri, na siku niliyoirusha kwa mara ya kwanza juu ya parseli, yaani kiwanja chetu, avenyu nzima ilisimama. Wanawake waliacha sufuria za mboga ya sombe motoni wakatoka nje kuangalia. Msimu ule wote wa kiangazi nilikuwa mtu. Nikipita, watu walisema, "Njo yeye huyu." Sikuwa na namba, wala kibali, wala sikujua kwamba vitu hivyo vipo. Nilijua tu kwamba bibi harusi akionekana kutoka juu, gauni limetandazwa kama ua, familia inalia kwa furaha.

Halafu mama huyo, jirani yangu, mjane mwenye mashamba ya mahindi kule Lukafu, akanunua droni yake. Ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nilisubiri airushe ili nione atakavyoiangusha. Hakuirusha. Kiangazi kikaisha, mvua zikaanza, na sanduku lilikuwa bado juu ya kabati lake, limefunikwa kitambaa.

"Mama," nikamwuliza siku moja kwenye ukuta unaotenganisha parseli zetu, "ile kintu iko mu carton mpaka leo?"

"Iko. Inangojea namba."

"Namba ya nini? Haiko gari."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile sikuipenda. "Gari inaangukaka juu ya kichwa ya muntu?"

Niliingia ndani nikamsimulia mke wangu, nikitaka tucheke pamoja. Mke wangu hakucheka. Alisema, "Mais, mama anasema kweli."

Mama Pilote alikuwa amefanya kazi ya forodha mpakani Kasumbalesa kwa muda mrefu, akiwatengenezea watu karatasi za mizigo, na hakuogopa ofisi yoyote. Kwake dirisha la ofisi lilikuwa mahali pa kupumzika. Alikwenda na kiti chake cha kukunja, chupa ya kinywaji cha munkoyo na kitambaa cha kufuma. Alipoambiwa arudi kesho, alirudi kesho akiwa na kitambaa kimeongezeka. Alipeleka risiti ya kununulia, namba iliyochapwa kiwandani chini ya betri, picha zake mbili, kitambulisho na karatasi ya bima, pamoja na barua ya kueleza anataka kurusha wapi na kwa kazi gani. Watu wa usafiri wa anga walimwuliza yao, na watu wa usalama wakamwuliza yao. Alijibu wote kwa sauti ileile ya mtu anayeagiza nyama buchani.

Alipopata namba aliiandika kwenye kipande cha karatasi kigumu, akakibandika kwenye mkono wa droni na kukifunika kwa plastiki isiyoingiza maji. Kisha akazunguka mtaani kuwaonyesha watu kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu aliyezaliwa. Kwangu alifika pia. Nilimpa hongera, "Félicitations, Mama," nikarudi ndani.

Masharti aliyajua kwa kichwa, akayataja wakati wowote, hata kwenye matanga. Usirushe juu ya watu waliokusanyika, wala karibu na uwanja wa ndege, kambi ya askari au machimbo. Rusha mchana. Mashine isipotee machoni pako. Na kila mahali papya, omba kwanza. Kwa kuwa upande wetu wa mji uko karibu na njia ya ndege kubwa zinazoshuka, nyumbani kwake mwenyewe hakuwahi kuirusha. Aliipakia kwenye pikapu yake akaenda nayo mashambani. Mimi nilikuwa narusha juu ya paa lake, naye alitoka, akaweka mkono juu ya macho, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Angenitukana ningefurahi.

Usidhani alikuwa mtakatifu wa sheria. Pikapu hiyohiyo ilikuwa na taa moja tu mbele, na karatasi zake sijawahi kuziona. Polisi wa barabarani akimsimamisha, alimwuliza habari za mke wake na shule ya watoto mpaka polisi akasahau alichotaka. Kwenye bomba la maji alipita mbele ya foleni bila aibu, akisema magoti yanamuuma, na magoti hayohayo yalicheza vizuri sana kwenye sikukuu. Misa alifika imekaribia kwisha. Niliwahi kumwambia, "Mama, mbona mu hewa unafuata sheria, hapa chini hapana?"

"Hapa chini bantu bananiona nikikuya," akajibu. "Banakimbia. Kintu ya juu, nani ataiona?"

Mke wangu alilirudia neno lile kwa dada zake, na mimi nililisikia tena kwa kinyozi, likitajwa kama neno la Mama Pilote.

Wivu wa maneno ungevumilika. Ulipofika kwenye kazi, ukawa mchungu. Mzee mmoja wa mtaa wa Golf, wa wenye fedha, aliniita kwa harusi ya binti yake. Nilivaa koti, nikapelekwa barazani, nikafungua kompyuta nimwonyeshe kazi zangu. Alitazama kidogo akaniuliza, "Uko na namba, sawa yule mama wa Naviundu?" Kwa hiyo hata Golf, kwenye nyumba zenye mabwawa ya kuogelea, walikuwa wanamjua. Nilisema iko njiani. Haikuwa njiani.

Na yeye harusi alizikataa! Hilo ndilo lililonitia wazimu. Aliombwa na watu waliokuwa tayari kumsubiri, akawaambia hapana, harusi ni watu wengi mahali pamoja. Mjukuu wake mwenyewe alipoolewa, familia ilimsihi, bibi harusi akalia. Mama Pilote akasema, "Nitacheza, nitapika, nitaimba. Kurusha, hapana." Wakwe walinuna. Siku yenyewe alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Kama mimi ningekataliwa na watu hivyo ningeona ni adhabu. Yeye watu walimfuata na yeye ndiye aliyewakataa.

Kwenye harusi ile ya Golf nilirusha. Muziki ulikuwa umeanza, maharusi wanashuka ngazi, na droni yangu ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vya wageni. Ikapita ukuta kidogo kuingia upande wa jirani, na jirani alikuwa mtu mwenye walinzi. Polisi walifika keki haijakatwa. Hawakupiga kelele. Walichoomba ni karatasi tu, namba na jina la mwenye mashine, nami nikawapa tabasamu. Wakaichukua droni, wakanichukua na mimi, nikiwa na koti langu na ua kifuani.

Mke wangu alimpigia simu Mama Pilote. Nilimwona akiingia kituoni na kiti chake cha kukunja, nikasimama. Nilijua atazungumza nao, atawauliza habari za wake zao, na mimi nitatoka na mashine yangu mkononi. Alikaa, akamsikiliza kamanda mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Banasema kweli," akasema.

"Mama! Hukuya kunisaidia?"

"Nilikuya kusikiliza. Sasa nimesikia. Hawa baba banakuambia ulete papier. Weye hauna. Mi niseme nini?"

Kamanda alimpa mkono kwa heshima. Mimi niliachiwa niende, na droni ikabaki mpaka nitakapoleta karatasi. Njiani Mama Pilote alinipeleka kula bukari, ugali wetu, na samaki, akanilisha kama mtoto mgonjwa, akasema yuko tayari kunionyesha madirisha yote, moja baada ya lingine. Nilimwambia nitaona. Nilikuwa nimeamua sitaona. Niliona bora droni yangu ilale polisi kuliko kuipata kwa mkono wake.

Ikalala kweli. Nikarudi kupiga harusi kutoka chini, nikipanda viti na ngazi, na yeye akaendelea kwenda Lukafu kutazama mahindi yake.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mvua. Mtaani kwetu alikuwepo mwalimu mzee wa kwaya, aliyefundisha nusu yetu kuimba, na uzeeni alianza kusahau. Asubuhi moja binti yake aliamka akakuta mlango wazi na kitanda kitupu. Tulimtafuta kwenye avenyu zote. Mtu mmoja akasema alimwona akishuka kuelekea mto Naviundu, na mto ulikuwa umejaa, majani ya kando yake yamepita kimo cha mtu. Tukaingia majini mpaka kiunoni tukiita, hatukuona kitu. Ndipo watu wakakimbilia kwa Mama Pilote.

Alitoka na sanduku lake, akaliweka chini, akachukua simu. Alikuwa anaomba ruhusa.

Watu walipiga kelele. Binti wa mwalimu alipiga magoti matopeni. Na mimi nilipiga kelele kuliko wote, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na haki na watu walikuwa upande wangu. "Muntu anakufa, weye unapiga simu! Rusha, Mama! Rusha!"

Aliziba sikio moja, akaeleza kwa Kifaransa cha polepole yuko wapi, kwa nini anaomba, ataruka chini kiasi gani na mpaka wapi. Akaambiwa asubiri. Akasubiri. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu; hilo nililiona mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa karibu. Juu ya mawingu tulisikia ndege kubwa inakuja. Ikapita chini sana, upande wa mto, ikashuka kwenda uwanjani. Kelele za watu zikapungua zenyewe. Kisha simu ikasema ndiyo, ila abaki chini, asivuke kona ya mto, na asikate simu.

Akavua viatu. "Weye," akaniambia, "uko na macho. Angalia ndege, usiiache. Mi naangalia kioo."

Nikaifuata ile droni kwa macho mpaka machozi yakanitoka. Ilikwenda juu ya majani, ikarudi, ikaenda tena. Yeye alisema haoni kitu, ni majani na maji tu, na gunia moja. Mimi niliwaona nyange, wale ndege weupe wa majini. Walikuwa wametua kila mahali kandokando ya mto, isipokuwa sehemu moja, na kila aliyejaribu kutua pale aliruka upya.

"Mama, rudisha kushoto. Ndege banaogopa kintu pale."

Alirudisha. Akashusha kidogo. Gunia alilokuwa ameliona lilikuwa shati. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa matopeni, maji kifuani, amekumbatia matete kwa mikono miwili. Vijana walikimbia. Walipomtoa alikuwa wa baridi kama chuma, lakini midomo yake ilikuwa inatembea, na binti yake alisema alikuwa anaimba.

Jumapili kanisa lilijaa. Padri alimshukuru Mungu, halafu akamshukuru Mama Pilote. Watu walipiga makofi wakasimama. Yeye akainua mkono akasema, "Tulikuwa babili," akanionyesha kwa kidole. Wachache waligeuka kunitazama, wakatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mtoto aliyebebeshwa mwavuli wa mgeni, kisha wakaendelea kumpigia makofi yeye. Ningependa angekaa kimya. Angenyamaza, ningeweza kusema ameniibia. Alinipa sehemu yangu mbele ya watu wote, na haikunitosha. Usiku ule mke wangu aliniuliza nina nini. Nilisema tumbo.

Macho ya Mama Pilote yalianza kuharibika taratibu. Sisi hatukujua. Aliendelea kutoka na pikapu yake, akagonga nguzo ya lango, akasema nguzo imesogea. Kisha siku moja alichukua kiti chake cha kukunja, akaenda kwenye ofisi iliyompa namba na kuirudisha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alimwambia yule wa dirishani kwamba mashine ikienda mbali kidogo anaisikia tu, haioni, na sivyo masharti yalivyoandikwa. Alihamia Lukafu kukaa na mwanawe shambani. Mtaani walizungumza kuacha kwake wiki nzima, kwa sauti ya chini, ya heshima. Hata kuacha aliacha vizuri kuliko nilivyoanza mimi.

Nilidhani akiondoka nitapumua. Ukuta kati ya parseli zetu ukawa ukuta tu. Nilipiga harusi moja, nikapiga ya pili, na hakukuwa na mtu wa kumsema nikirudi nyumbani. Baada ya muda nikaanza kutafuta risiti yangu ya zamani. Nilipeleka picha, nikapeleka barua na kukata bima, nikarudi kesho na keshokutwa. Kwenye dirisha moja kijana aliona mtaa wangu akauliza kama namfahamu yule mama wa kitambaa cha kufuma. Nikasema ni jirani yangu. Akachangamka, akanitafutia kiti.

Nilipopata namba, nilikwenda polisi na droni yangu ikatoka, ina vumbi lakini nzima. Na neno la kwanza lililonijia si harusi. Nilitaka Mama Pilote aione. Nilitaka nimwone na yeye, hata mara moja, akiitazama mashine ya mwenzake kwa jicho lile nililomtazamia mimi. Niliomba kibali cha Lukafu, nikasubiri kikatoka, nikapanda basi.

Nilimkuta mbele ya nyumba ya mwanawe, amekaa anapukuchua mahindi kwa vidole. Alinijua kwa sauti. Nikamwekea droni mapajani. Alipapasa mikono ya droni mpaka akafika kwenye kibandiko, akakileta karibu kabisa na jicho, akasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja.

"Ya hapa Lukafu, uko na autorisation?"

"Niko nayo, Mama."

Nikamwangalia usoni. Nilisafiri barabara yote ile mbovu kwa ajili ya uso huo. Akatupa kichwa nyuma akacheka, akapiga vigelegele, akawaita wakwe na majirani: "Kuyeni! Mutoto yangu ameleta ndege! Iko na namba yake!" Hakuna kitu kingine kilichokuwa usoni mwake. Nilitafuta.

Nikarusha. Niliipandisha juu ya mahindi, ikapanda mpaka nyumba ikawa ndogo, nikamshikia kioo karibu na pua.

"Hii ni shamba," akasema. "Hii ni njia. Mi niko wapi?"

"Uko hapa, Mama. Kile kikwembe cha manjano."

"Hapa?"

"Hapa."

Alisimama, akashika ukingo wa kiti, akainua mkono wa kulia akaanza kuupungia juu kwa nguvu, anacheka. Kwenye kioo nilimwona vizuri: mwanamke mdogo mwenye kanga ya manjano katikati ya uwanja uliofagiliwa, anapunga mkono. Alikuwa ameelekeza uso upande wa milima, na droni ilikuwa upande wa mto, nyuma ya bega lake.

Majirani walitaka kumwambia. Niliwapungia wanyamaze. Kisha nikaisogeza droni polepole, nikaizungusha juu ya paa na juu ya miti, nikaishusha kidogo, mpaka ikawa mbele ya uso wake, pale alipokuwa anatazama.